Mashini Isiyoshona

Nilipoolewa, mama mukwe alinipokea kwa salamu nzuri, akanionyesha mahali pa ndoo, mahali pa mbabula, jiko la makaa, na kamba ya kuanikia nguo, kisha akanyamaza karibu mwaka mzima. Sisemi kwamba alininunia. Nilipouliza alinijibu, chakula alinigawia vizuri, na mtoto wangu alipozaliwa alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe. Lakini maneno ya bure, yale ambayo watu wa nyumba moja huyatupa hewani wakichambua mboga, hakuwa nayo kwangu. Yeye ni mwanamke wa Kasai, aliyeletwa Kindu na reli pamoja na mume wake, fundi wa lokomotivi. Mimi ni binti wa wangwana wa Kasongo, na kwetu mwanamke akisikia adhana hanyanyui sauti. Mwanawe alipomwambia kwamba ananitaka mimi, alimjibu kwa Kiswahili cha Kindu, ambamo ndiye na ndiyo zote ni njo, "Wewe njo utakula chakula chake, si mimi." Halafu vita vilirudi, tukala chakula kimoja sote, kilipokuwepo.

Nyumba ilikuwa Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto kutoka stesheni. Baba mukwe aliijenga huko makusudi. Alikuwa akisema mtu wa reli anahitaji mto mzima kati yake na mkubwa wake wa kazi. Mimi sikumkuta hai. Kifua kilimwua kabla ya vita, na watu walisema heri yake hakuiona stesheni ikiota majani.

Treni zilipoacha kufika, bwana yangu, naye mtu wa reli kama baba yake, alibaki na kofia ya kazi bila kazi. Akafanya kama vijana wengine: alifunga chumvi, sabuni na nguo kuukuu kwenye baiskeli, akashika njia ya msitu kuelekea Obokote, kubadilisha kwa mchele na mafuta ya mawese. Baiskeli yenyewe hapandi mtu. Unaifunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, unaisukuma kama ng'ombe mkaidi, siku baada ya siku, na vizuizi vya watu wenye bunduki viko njiani. Alipotoka alituacha sisi wawili wanawake na mtoto. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayeacha mbuzi na mbwa kwenye banda moja, akasema, "Muishi vizuri."

Asubuhi moja, mke wa karani wa serikali aliyekaa mtaa wa chini alitandaza vitu vyake mbele ya nyumba. Walikuwa wamepata nafasi kwenye ndege, wanaondoka, na ndege haibebi kabati. Kati ya masufuria na viti niliona sanduku la mbao lenye kishikio, zito, limefungwa kwa kufuli ndogo ya shaba. Ubavuni lilikuwa na tundu, na kando yake mkono wa chuma wa kuzungushia, umefungwa ndani ya kitambaa.

"Njo mashini hii," mama yule aliniambia. "Ya mukono. Unazungusha tu, inafanya kazi. Umeme haiombe."

"Na ufunguo?"

"Ulipotea zamani. Ilikuwa ya mukubwa wa bwana yangu, akatuachia alipohama."

Shangazi zangu kule Kasongo walikuwa na mashini za kushona za mkono, na walizihifadhi katika masanduku kama lile, ya mbao, yenye kishikio juu. Tangu nikiwa msichana nilitamani moja iwe yangu. Sikuuliza neno jingine. Nilirudi nyumbani, nikachukua kitenge changu cha waksi, kile cha ndoa, ambacho nilikuwa nimekivaa mara chache kwa kuogopa kukichakaza, nikampa. Nikalibeba sanduku kichwani. Njia nzima nilikuwa nashona: mashati ya bwana yangu, kanzu za watoto wa jirani, mapazia ya watu ambao hata madirisha hawakuwa nayo tena.

Mama mukwe alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliacha mchi akanisaidia kulitua.

"Umebeba nini?"

"Mashini ya kushona, mama."

Hakuuliza kitenge kiko wapi, ingawa nadhani alijua. Alileta msumari na jiwe, akapiga kufuli mpaka ikaachia. Nikafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na sahani ya chuma iliyovishwa kitambaa chekundu kilicholiwa na mende, na bomba lililopinda kama shingo ya bata. Nilitafuta mahali pa sindano. Nilitafuta mahali pa uzi. Niliinama nikachungulia hata chini ya ile sahani, nikidhani labda sehemu ya kushonea imelala humo. Nilipoinua kichwa, mama mukwe alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, na mabega yanatikisika.

"Ee, mamu wanyi!" alisema kwa lugha ya kwao, kisha akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Njo fono hii! Fono ya kupiga muziki! Basi, bibi ya mwana wangu, utatushonea nyimbo!"

Mimi nililia. Nililia kitenge changu, nililia mashati na mapazia yote niliyokwisha kuyashona njiani. Alicheka na mimi nikalia, mpaka mtoto naye akaamka akaanza kulia kuniunga mkono. Basi akamchukua, akaketi kando yangu kwenye mkeka, akaniambia kama mtu anayeongea na mwenzake wa miaka yote: katika kambi ya reli, zamani, mkuu wa karakana alikuwa na fono kama hii, na siku za Jumapili aliiweka barazani, watu wakacheza kwenye vumbi na viatu vyao vya kanisani. "Bwana yangu alikuwa anakanyaga watu," alisema. "Mikono ya fundi, miguu ya kiboko." Yale ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya bure aliyonipa.

Tulitia ule mkono katika tundu lake, tukazungusha. Ulizunguka mwepesi, kra-kra-kra, bila kushika kitu. Sahani haikusogea. Katika mfuko wa kifuniko tulikuta santuri tatu, moja imevunjika vipande viwili.

"Muntu hatapokea mashini ya kufa," mama mukwe aliamua. "Tuitengeneze. Ikiimba, tutabadilisha na ya kushona."

"Unajua kutengeneza, mama?"

"Hapana. Na wewe?"

"Hapana."

"Basi tuko sawasawa."

Tulifungua parafujo kwa ncha ya kisu cha jikoni. Ndani palikuwa na magurudumu ya meno, vizito vidogo vitatu kwenye mhimili mwembamba, na kopo la chuma la mviringo ambalo ndani yake, alidhani yeye, ndimo inamolala nguvu. Alidhani sawa. Nililifungua kopo kwa haraka ya ujana, na resori, utepe mrefu wa chuma uliokuwa umejikunja humo, ikaruka nje kama nyoka aliyekanyagwa. Ilimchana mama mukwe mkononi, ikapindua sufuria la sombe, ikalala uani ikitetemeka, ndefu kuliko kitanda. Mimi nilipiga kelele. Yeye alitazama damu, akatazama sombe mchangani, akasema, "Sasa tunajua iko na nguvu."

Nilimfunga kidonda kwa kipande cha kanga. Tulipoitazama ile resori vizuri tuliona shida: ncha yake ya ndani, mahali penye tundu la kushika ndoana, ilikuwa imekatika. Mzunguko ulikosa kitu cha kuvuta. Tulijaribu kupiga tundu jingine kwa msumari, msumari ukapinda. Tukaitia ncha katika makaa ya mbabula, kama wahunzi wanavyofanya jembe, ikawa nyekundu. Tukaipiga ikiwa nyekundu vile vile, ikakatika tena kipande kirefu. Mara ya pili tuliiacha ipoe polepole ndani ya majivu, na chuma kikalainika. Msumari ukapita. Nilikumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, na mtu wa karibu alikuwa yeye. Alisimama mkakamavu kama mlango, lakini hakunisukuma.

Kuirudisha resori ndani ya kopo kulituchukua siku nzima. Tulimpeleka mtoto kwa jirani, tukajifunga vitambaa mikononi, tukaketi chini tukitazamana, miguu yake nje na yangu ndani, kopo katikati. Yeye alikandamiza, mimi nililisha. Kila tulipokaribia mwisho, mmoja alicheka na resori ikaruka tena. Jirani alichungulia juu ya uzio, akauliza kama tunachinja kuku. "Kuku hii ni ya chuma!" mama mukwe alimjibu, na ikawa basi, resori imetoka mara nyingine.

Kulikuwa na suala la mafuta. Tulianza na mawese, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo, na siku iliyofuata tulikuta siafu wameingia msafara mzima ndani ya mashini. Mama mukwe alisema mafuta ya nguruwe hayavutii siafu na hayakauki, na anajua mahali pa kuyapata.

"Mama, mafuta ya nguruwe hayaingii nyumba ninayolala."

"Hautakula. Mashini njo itakula."

"Na mikono yangu njo itailisha."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani tumerudi kule kwenye mwaka wa kimya. Lakini alisimama, akatoka, akarudi na mbegu za mbarika ndani ya upande wa kitenge na mapile mawili, betri za radio zilizokufa. Tulikaanga mbarika, tukaziponda, tukazichemsha mpaka mafuta yakapanda juu. Mapile tuliyapasua, tukatoa kile kijiti cheusi cha ndani, tukakisaga kuwa unga laini, tukachanganya na mafuta. Tulibaki weusi mpaka kwenye viwiko. "Hii je?" aliniuliza. "Mungu wako anaikubali?" Nikasema anaikubali. "Wangu pia," akasema.

Sahani ilizunguka. Ilizunguka bila sauti, lakini ilizunguka, na tulikaa tukiitazama kama watu wanaotazama chungu kikichemka. Sindano za fono hazikuwepo Kindu yote, kwa hiyo nilikata miiba ya mlimao, migumu, nikaikausha juani. Kulibaki kichwa, ile sehemu ya mviringo mwishoni mwa bomba, ambamo kuna kioo chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti. Hicho kilikuwa kimepasuka kuwa maganda. Tulijaribu karatasi ya daftari: ilinong'ona. Tulijaribu kifuniko cha kopo la maziwa: ilipiga kelele kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. Tulijaribu kibofu cha mbuzi, wa kweli safari hii, kikakauka kikachanika.

Siku hizo bwana yangu alikuwa amepita muda wa kurudi. Watu waliotoka njia ile walisema kuna vita katikati ya msitu, wengine walisema hakuna, na mmoja alisema aliona baiskeli imelala njiani bila mtu. Mama mukwe alimsikiliza, akamshukuru, akampa maji. Alasiri hiyo hatukugusa fono. Alikaa chumbani kwake, na mimi nikakaa uani nikichagua mchele ambao haukuwa na mawe.

Alipotoka alikuwa na bahasha kubwa ya kaki mkononi. Lazima nieleze: askari walipopita Alunguli mara ya kwanza, katika vita vya kabla sijaolewa, walibeba picha zote za ukutani kwa sababu ya fremu na vioo vyake. Picha ya arusi, picha ya baba mukwe mbele ya lokomotivi, zote. Kilichobaki ni hiki, alichokuwa nacho chini ya godoro: picha nyeusi ya hospitali, ile inayopigwa kwa mashini na kuonyesha mbavu. Kifua cha baba mukwe. Aliishika juu, mwanga wa jua ukapita, na kwa mara ya kwanza nilimwona baba wa bwana yangu: mabega mapana, mbavu kama ngazi, na mahali pa ukungu upande mmoja.

"Hii inatetemeka vizuri," alisema, akaichezesha. Ilitoa sauti ya radi ya mbali. "Ulikuwa unatafuta kitu cha kutetemeka."

"Mama, hapana. Iko moja tu."

"Njo maana. Anakaa chini ya godoro bure." Aliiweka mapajani akaipapasa, akitafuta mahali. "Mbavu usikate. Moyo usiguse. Kata hapa, kwa bega. Bega njo lilikuwa zuri kwake."

Nilikata kwa mkasi wa kucha, mduara mdogo kuliko kifuniko cha chupa ya maziwa ya mtoto. Tulikaza kingo zake kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Nilipachika mwiba wa mlimao, yeye akazungusha mkono mpaka ukawa mzito, tukashusha kichwa juu ya santuri.

Kwanza ilikuwa ni mvua tu, kelele ya vumbi la miaka. Kisha gita. Kisha sauti nene ya polepole, inaimba Kilingala cha zamani, iko karibu kabisa, kama mtu aliyekaa ndani ya sanduku amefunga macho. Kulikuwa na parafujo ya kuongeza na kupunguza mwendo, na alama zake zilikuwa zimefutika. Mama mukwe aliinuka, akaanza kucheza peke yake, hatua ndogo ndogo, akiniambia, "Punguza. Punguza tena kidogo. Hapo. Hapo njo mwendo wake." Alicheza mpaka santuri ikaisha, akiwa na kitambaa cha kidonda mkononi. Halafu akaketi, akavuta pumzi, akasema mtoto wake atarudi. Hakusema anajuaje.

Alirudi kweli, juma lililofuata, kwa miguu. Baiskeli na mchele vilichukuliwa njiani. Yeye walimwachia suruali. Alikuwa amekonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Alipoingia uani, fono ilikuwa inaimba na mama yake na mke wake walikuwa wanabishana nani azungushe, na alisimama kule mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Mama mukwe alimshika uso kwa mikono miwili iliyojaa mafuta meusi. Aliuacha na alama za vidole kila upande, na yeye alikaa nazo mpaka jioni bila kuzifuta.

Lakini alikuwa amerudi mikono mitupu, na nyumba ilikuwa tupu vile vile. Alipopata nguvu kidogo alikwenda kuzungumza na fundi wa nguo wa sokoni, mzee wa Kiislamu, mpole, mwenye mashini mbili za kushona na mikono miwili tu. Mzee alipenda muziki wa zamani. Alikubali: akiisikia ikiimba kwa masikio yake, atatoa mashini ya pili. Bwana yangu alirudi na habari hiyo akitabasamu. Mimi nilimtazama mama mukwe.

"Njo vizuri," alisema. "Tulisema tangu mwanzo. Wimbo hauvaliwe."

Siku ya siku fundi alikuja amevaa kofia safi. Tulimpa kiti. Bwana yangu alizungusha, akaweka santuri, akashusha mwiba. Sahani ilizunguka vizuri sana. Hakuna kilichosikika. Aliinua, akashusha tena. Aliweka santuri ya pili. Ukikaribia sana ulisikia kitu kama mdudu anayetembea kwenye karatasi, basi. Jasho lilimtoka bwana yangu, akaapa kwamba jana iliimba, kwamba mtaa mzima ni shahidi. Mzee alimfariji. "Ni vitu vya zamani, mwanangu. Vinachoka kama sisi." Akanywa maji, akaaga, akaenda zake.

Niligeuza kile kichwa. Mduara haukuwemo. Tundu tupu lilinitazama.

Mama mukwe alikuwa jikoni, anachochea moto ambao haukuwa na chungu juu yake. Nilikuwa na hasira hata sikumwita mama.

"Kwa nini?"

Alifungua fundo la kitenge chake, pale kiunoni wanawake wanapofunga vitu vyao vya maana, akanionyesha. Kile kipande cheusi, chenye weupe wa bega ukingoni.

"Mzee angeenda naye," alisema.

"Ungesema, mama! Ungesema tu! Tungekata kingine cha kumpa!"

"Kingine nini? Moyo?" Akachochea moto. "Nilitaka kusema. Halafu nikaona uso yako, namna ulikuwa unangoja ile mashini. Sikuweza kusema na sikuweza kumuachia. Njo nilifanya vile."

Nilimpokonya kijiti cha kuchochea moto nikachochea mimi. Bwana yangu aliingia akauliza kunani, na sote wawili tukamwambia hakuna kitu.

Kesho yake mama mukwe alivaa nguo za kanisani akatoka asubuhi bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Yaliyosemwa huko niliyapata baadaye kwa mzee mwenyewe, aliyependa kuyasimulia. Alimweleza ukweli wote, na mduara akamtolea akamwonyesha. Halafu akamwambia: una mashini inalala, na mimi nina mutoto wa kike anayelala bila kazi. Mwache aje kushonea hapa barazani pako, kazi mgawane. Mutoto wake mudogo nitamulea mimi. Na fono tutaileta kila siku ya soko, iimbe hapa, watu wasimame. Watu wakisimama, wanakumbuka suruali zao zimechanika. Mzee alisema alikuwa hajawahi kusikia mtu akijadiliana hivyo kwa ajili ya mkwe. "Nilimuuliza, ni binti yako huyu? Akasema, ndiyo."

Basi ndivyo nilivyojifunza kushona, katika miaka ya vita, kwenye baraza la soko la Alunguli. Nilishona viraka juu ya viraka. Mzee alinifundisha kola na mifuko, na fono, mduara wake umerudishwa mahali pake, ilikaa juu ya kiti kati yetu ikiimba ule wimbo wa gita mpaka wauza sombe wakaujua kwa moyo. Mama mukwe alikuja na mtoto mgongoni, akabadilisha miiba, akafukuza wale waliotaka kugusa. Mzee alipozeeka zaidi macho yakamwacha, akaniachia ile mashini, akisema nimekwisha kushona nayo kuliko yeye. Alifariki wakati wa amani, na sanda yake niliishona mimi.

Treni ilirudi siku moja, polepole, ikipiga honi tangu mbali, na watu wa Alunguli walivuka kwa mitumbwi kwenda kuitazama tu. Bwana yangu alipata tena kazi yake, kwa namna ya kazi za siku hizi, leo ipo, kesho tutaona. Mimi nina chumba changu cha kushonea chenye mlango unaoangalia barabara. Pikipiki zinapita kutwa. Yule mtoto wa mgongoni sasa ni mama mwenye watoto, na fono ipo kwenye meza pembeni, na mama mukwe yupo kwenye kiti chake karibu na mlango, kwa kuwa anataka kuona nani anapita na amevaa nini. Amezeeka. Sikio moja limekufa, lile jingine linasikia linachotaka. Ananiambia kila kola ninayoshona inabana.

Mwaka huu mvua zilipoanza, binti yangu alikuja na simu yake. Alikuwa ameupata ule wimbo, ameutafuta siku nyingi. "Sikilizeni," akasema, akaweka simu mezani. Tulisikia gita letu, jepesi, linakimbia, karibu nisilitambue. Kisha sauti. Ilikuwa ni ya mwanamke. Mwanamke kijana, mchangamfu, anaimba maneno yale yale ambayo miaka yote hiyo tuliyasikia kwa mwanaume mnene wa polepole.

Bwana yangu aliangua kicheko. "Tumeizungusha vibaya tangu vita!" Akainuka na bisibisi, akaanza kuitafuta ile parafujo ya mwendo.

Binti yangu aliweka simu kwenye sikio zuri la bibi yake. Mama mukwe alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Huyu ana haraka ya kwenda wapi?" aliuliza.

"Bibi, njo wimbo wenyewe. Fono yenu ilikuwa inachelewa."

"Haikuchelewa. Niliiweka mimi." Akamwelekezea bwana yangu kidole, yeye na bisibisi yake. "Sisi tulicheza polepole hivyo. Nilikuwa na mimba ya huyu."

Bwana yangu alisimama na bisibisi mkononi, mtu mzima mwenye mvi, hajui aiweke wapi. Kisha upepo ulifunga mlango kwa kishindo na matone ya kwanza yakapiga bati. Mama mukwe alikuwa wa kwanza kukumbuka nguo za wateja kwenye kamba. "Nguo!" akapiga kelele. "Munakaa munasikiliza nini, nguo ziko nje!" Tukatoka mbio sote watatu, naye akatuamrisha kutoka mlangoni, hii kwanza, ile nyeupe kwanza, angalia inaburuza, mpaka kamba ikabaki tupu na sisi tumelowa.